Jioni ya chai ya hiliki Mikindani: mazungumzo kuhusu charasi ya Afghanistan, kiingilio shilingi 5,000

Kiingilio ni shilingi 5,000. Humo unapata birika dogo la chai ya kijani yenye hiliki, kisahani cha korosho zilizopakwa sukari, na mazungumzo ya saa mbili yanayoongozwa na mwalimu mstaafu wa historia. Kitini cha kurasa chache kinauzwa pembeni kwa 2,000. Nawaandikia walioko Mtwara mjini, Lindi, Masasi na Newala ambao wameona tangazo la mgahawa huu na wanajiuliza kama kuna haja ya kufunga safari hadi Mikindani kusikiliza habari za charasi, yaani bangi ya Waafghani. Haja ipo. Yapo pia mambo ambayo wenye mgahawa inawapasa wayarekebishe, na nitayataja bila kuficha.

Mimi ni muuguzi. Pale kituoni nimepewa kazi ya kuzungumza na vijana wanaoletwa na wazazi wao kwa sababu ya bangi. Mzazi akimleta mwanawe huwa anataka nimtishe. Kijana naye vitisho keshavisikia tangu shule ya msingi: bangi ni wazimu, bangi ni jela, basi. Anakaa mbele yangu kimya, macho chini, anasubiri niseme yale yale ili aende zake. Kwa hiyo nilipoona tangazo la mazungumzo kuhusu mmea huu katika jamii ambayo imeishi nao kwa mamia ya miaka, nikaona hili linanihusu. Wapo walioniuliza, "Dada, unakwenda kujifunza kuvuta?" Niliwajibu kwamba nakwenda kujifunza kazi yangu.

Mgahawa wenyewe uko kwenye nyumba ya mawe ya zamani, karibu na ufukwe, na watu wanakaa barazani kwenye majamvi na mito. Kabla ya mazungumzo unaweza kuagiza chakula kwa bei yake mbali: pweza wa nazi, samaki wa kukaanga, ming'oko ya kuchemsha. Pweza alikuwa laini na nazi yake nzito. Ming'oko ilichelewa sana na ilikuja imepoa. Chai ndiyo iliyonifurahisha. Waafghani hunywa chai ya kijani yenye hiliki huku wakitafuna nukuli, yaani lozi zilizovikwa sukari. Lozi huku kwetu ni ghali na hazipatikani kirahisi, kwa hiyo mpishi ametumia korosho. Zimekaangwa vizuri, sukari imeshika nje, ndani hazijaungua, na ukizitafuna huku unakunywa chai isiyo na sukari unaelewa kwa nini vitu hivi viwili hutembea pamoja. Mtu anayeuza korosho nje ya nchi aje aone hizi.

Mwalimu alianza na sheria. Alisema wazi kwamba bangi hapa nchini ni marufuku, akaitaja Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, akasema pale hakuna cha kuonja wala kununua, anayetaka hayo ameingia nyumba siyo. Hakuna aliyeguna. Nilipenda alivyolisema mapema, kwani baada ya hapo watu walitulia na kusikiliza historia.

Nilitegemea aanze na moshi, lakini alianza na baridi. Alitundika ramani ukutani na kutuonyesha milima ya Hindu Kush, mto Amu Darya kaskazini, na kati yake tambarare ya Balkh na mji wa Mazar-i-Sharif. Huko, alisema, mkulima huvuna majira ya vuli, akaukausha mmea, kisha akasubiri baridi kali ndipo aanze kazi, maana utomvu wake ukishikwa na baridi hukatika kama vumbi na kuachana na majani. Vumbi hilo huchekechwa kwa kitambaa chembamba na huitwa garda. Garda ikipashwa moto kidogo na kukandwa kwa mikono muda mrefu huwa charasi, kitu cheusi kinachonata. Mabua huishia jikoni kuwa kuni, kwa kuwa nchi ile kame haina miti ya kuchezea. Mbegu huitwa shahdana na watu huzikaanga wakazitafuna pamoja na ngano. Kwa muda wote huo Mwalimu alikuwa anaeleza maisha ya mkulima na nyumba yake, na mle ndani mmea ukaonekana kuwa sehemu ya mwaka wa kilimo, kama mazao mengine.

Kisha akaja kwenye visa. Cha kwanza ni cha Sheikh Qutb al-Din Haydar, sufi wa Khorasan aliyeishi karne ya 12 na mwanzo wa karne ya 13. Khorasan ya zamani ilikuwa nchi pana iliyobeba Nishapur, Herat na Balkh, kabla ya mipaka ya leo ya Iran na Afghanistan. Husimuliwa kwamba sheikh huyu aliishi kwa kujitenga, na siku moja ya joto kali, hata jani halitikisiki, akaona mmea mmoja unacheza. Akala majani yake, akarudi kwa wanafunzi wake uso umekunjuka, akawaonyesha mmea na kuwataka waapishwe wasiutangaze kwa watu wa kawaida. Aliyetuhifadhia kisa hiki ni mwanahistoria wa Kairo, al-Maqrizi, aliyezaliwa mwaka 1364 na kufariki mwaka 1442, yaani karne mbili hivi baada ya sheikh mwenyewe.

Mwalimu hakutuambia tuamini kwamba mmea ulicheza. Alitutaka tuangalie kile kiapo. Katika kisa cha kale kabisa wanachosimulia kuhusu mmea huu, tayari kuna sharti: si wa kila mtu, na si wa kila mahali. Hapo nikachukua kalamu.

Cha pili ni cha Baba Ku, ambaye watu wa Balkh wanamtaja kuwa ndiye aliyewaletea mmea na kuwaponya maradhi kwa moshi wa chilimu yake, yaani kiko. Lipo kaburi lenye jina hilo linalozuriwa, pale pale Balkh. Mwalimu alikisimulia kwa raha, akiigiza sauti za wazee, na baraza zima lilikuwa kimya. Hakupoteza muda na ile hadithi maarufu ya wauaji wa ngome ya Alamut waliodaiwa kuleweshwa hashishi, jina la Kiarabu la mmea huu. Alisema tu kwamba Alamut iko Iran, kwamba hadithi ile ilienezwa na wasafiri na maadui wa watu hao, akaendelea. Alifanya vyema. Watu wengi wakitaja hashishi hukwama hapo.

Sehemu iliyoshika moyo wangu ni ile ya malangi. Hawa ni mafakiri wa njia ya kisufi, warithi wa Makalandari wa zamani, wanaozunguka kutoka ziara moja, yaani kaburi la walii, hadi nyingine wakiwa na nguo zilizoviraka, bila mke, bila shamba. Wao walivuta charasi waziwazi, na jamii iliwaachia, kwa sababu walikwishaacha dunia ya watu wenye nyumba na watoto. Kijana mwenye familia hakuwa na ruhusa hiyo. Huko Mazar-i-Sharif, kwenye ziara inayonasibishwa na Sayyidna Ali, kabla Taliban hawajarudi madarakani mwaka 2021, kila mwaka siku ya Nauruzi, yaani mwaka mpya wa huko, kama tarehe 21 Machi, ilisimamishwa bendera kubwa, nayo sherehe ya maua mekundu iliendelea kwa siku 40. Wageni walifurika kutoka kila upande, na malangi miongoni mwao.

Mjini kulikuwa na sakikhana, chumba cha wavutaji chenye mhudumu wake, saki, anayewasha chilimu ya maji na kuizungusha. Wanaume tu ndio walioingia. Mtu alivuta pumzi yake akampa mwenzake, akanywa chai, akasikiliza mashairi, akaenda zake. Vibarua, wapagazi na mafundi ndio waliokuwa wateja. Mtu wa ukoo wenye heshima hakutaka jina lake litajwe pamoja na chumba kile, na kuitwa charsi lilikuwa tusi, kama huku mtu anavyoitwa teja. Kwa hiyo charasi ilikuwepo, kila mtu aliijua, na bado ilizungushiwa aibu, mahali, saa na rika.

Dereva mmoja wa bodaboda, kijana mpole aliyekaa karibu na mlango, aliuliza swali ambalo nadhani wengi tulikuwa nalo. "Shikamoo Mwalimu. Sasa hao ni Waislamu kama sisi. Dini yao iliwaruhusu?"

"Marahaba mwanangu. Haikuwaruhusu."

Akaeleza kwamba Waafghani wengi ni Masunni wa madhehebu ya Hanafi, kwamba Kurani haikuutaja mmea huu kwa jina, na kwamba wanazuoni waliupima kwa kipimo cha pombe. Wengi waliukataza, na Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, alikuwa mkali kuliko wote. Hata hivyo fatwa ni jambo moja na maisha ya ziarani na sokoni ni jambo jingine. Watawala nao hawakuwa mfano mwema. Babur, aliyeiteka Kabul mwaka 1504 na baadaye kuasisi dola ya Wamughali huko India, aliandika mwenyewe katika kumbukumbu zake jinsi alivyokula maajuni, kashata zilizotiwa mmea huu au afyuni, akitazama mashamba ya maua. Kaburi lake liko Kabul hadi leo, kwenye bustani inayobeba jina lake.

Watu wa Mikindani walilijadili hili kwa hamu, na mjadala ulikuwa wa adabu. Bibi mmoja aliyekuwa amejifunika kanga hadi mabegani akaomba kusema. Alisema, "Wanangu, hata uraka kwetu ulikuwa hivyo. Msimu wa mabibo ukifika watu wazima wanakaa wanakunywa, msimu ukiisha umeisha. Mtoto ukimwona karibu na chungu unamfukuza. Nipa ilipoanza kupikwa ya kuuza mwaka mzima ndipo tukaona wana wetu wanalala njiani." Mwalimu alimwachia amalize, hakumkatiza, akamshukuru na kumwita mama. Kwangu mimi maneno ya bibi yule peke yake yalilipa kiingilio.

Maana baada ya hapo Mwalimu alituonyesha jambo hilo hilo likitokea Afghanistan. Mwishoni mwa miaka ya 1960 vijana wa Ulaya na Marekani walianza kupita njia ya nchi kavu kutoka Istanbul kwenda India, na Kabul ikawa kituo chao. Mtaa wa Chicken Street ukajaa hoteli za bei rahisi na maduka ya makoti ya ngozi ya kondoo. Walinunua charasi kwa fedha ambayo kibarua wa Kabul hakuwahi kuiona, wakaivuta hadharani, wake kwa waume, asubuhi na jioni. Baadaye wakaja wanaoibeba kwa wingi. Kilichokuwa cha malangi na chumba cha saki kikawa bidhaa. Marekani ikaibana serikali ya mfalme Zahir Shah ipige marufuku. Mwaka 1973 mfalme akapinduliwa na binamu yake Daoud Khan, mwaka 1978 Daoud naye akauawa katika mapinduzi, na Desemba 1979 jeshi la Kisovieti likaingia. Njia ya wasafiri ikafungwa. Mbegu, hata hivyo, zilikwishaondoka. Aina fupi za majani mapana kutoka mabonde ya Hindu Kush zilipandwa Marekani na Uholanzi, na wapandaji wa huko bado huziita kwa jina la nchi zilikotoka. Mtaalamu wa mimea wa Kirusi, Vavilov, alikuwa amepita Afghanistan mwaka 1924 akikusanya mbegu za kila aina, na mwenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, Schultes, akafika mwaka 1971 kuutazama mmea ukiwa shambani.

Vita, miaka yote zaidi ya 40 ya vita, ilipita kwa dakika chache. Hapa sikuridhika. Kama kuna kipindi ambacho kingeeleza kwa nini mkulima masikini alibaki na zao hili, ni hicho: mashamba yaliyotegwa mabomu, mifereji iliyobomoka, watu waliokimbilia Pakistan na Iran. Mwalimu alirukia takwimu za Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya na Uhalifu, iliyotoa uchunguzi wake wa kwanza kuhusu zao hili nchini humo mwaka 2010. Ulikadiria kati ya hekta 10,000 na 24,000, katika mikoa 17 kati ya 34, na charasi kati ya tani 1,500 na 3,500 kwa mwaka. Hekta moja ilitoa kama kilo 145, wakati Moroko ilitoa kama kilo 40. Tarakimu hizi zimo kwenye kitini lakini zimepangwa bila mwaka wala maelezo, na msomaji ambaye hakuwepo hatazielewa. Kwa shilingi 2,000 kitini kinatakiwa kisimame chenyewe. Marufuku ya Taliban ya Aprili 2022 dhidi ya afyuni na dawa nyingine za kulevya, na ile ya 2023 iliyoutaja mmea huu waziwazi, zilitajwa watu wakiwa wameshaanza kutafuta viatu.

Kasoro kubwa kwangu ni mbili. Ya kwanza ni wanawake. Kwa saa mbili tulisikia masheikh, malangi, wapagazi, wafalme na wasafiri. Nilinyoosha mkono nikauliza: mume akirudi kutoka sakikhana, mke alikuta nini kimebaki mfukoni? Mwalimu alikiri kwamba vitabu vyake vimeandikwa na wanaume waliokaa na wanaume. Ni jibu la kweli, lakini afadhali angelisema mwanzoni.

Ya pili ni afya. Haikuguswa kabisa. Mwaka 2009 ofisi ile ile ya Umoja wa Mataifa ilikadiria kwamba Waafghani karibu milioni moja wa umri wa miaka 15 hadi 64, kama asilimia 8, walikuwa watumiaji wa dawa za kulevya za aina mbalimbali. Huwezi kusimulia uzuri wa chai na mashairi ukaacha hilo. Na bangi inapoanzwa utotoni, ubongo ukiwa bado unakua, hatari ya ugonjwa wa akili huongezeka. Haya nayaona kituoni, kwa watoto wa watu ninaowafahamu. Barazani palikuwa na vijana ambao kwa makadirio yangu hawajafika miaka 18. Wenye mgahawa waweke umri wa kuingia kwa mada kama hii, au wamwalike mtu wa afya akae pembeni ya Mwalimu. Nimewaambia niko tayari kuja bila malipo.

Mengine ni madogo. Picha zote za ukutani zilikuwa na maelezo ya Kiingereza na Mwalimu hakuyatafsiri. Umeme ulipokatika hapakuwa na taa ya akiba, tukaendelea kwa tochi za simu. Wazee wanahitaji viti vyenye egemeo, si mito tu. Dawa ya mbu iwekwe mapema.

Lakini nawaambia nilichopata. Tangu jioni ile, kijana akiletwa kwangu sianzi tena na madhara. Namuuliza unavuta na nani, wapi, saa ngapi, na ni mkubwa gani anayejua. Karibu wote wanavuta wakiwa peke yao au na wenzao wa rika, asubuhi kabla ya kazi, popote, mwaka mzima, na hakuna mtu mzima hata mmoja aliyekaa nao. Mvutaji wa Balkh alikuwa na saki, chumba, wazee na aibu. Huyu wangu hana kitu hata kimoja. Tukifika hapo anainua macho, tunaanza kuzungumza juu ya nani yupo katika maisha yake, na mara nyingi yeye mwenyewe ndiye anayetaja athari anazoziona mwilini mwake kabla sijazitaja. Sitaki kijana yeyote apelekewe sakikhana. Nataka apate watu wazima wanaomjua, na mazungumzo ya Mwalimu yamenipa njia ya kumfikisha kwenye swali hilo. Semina za kazini, nyingi zenye posho, hazikunipa.

Ukitoka Mtwara mjini, daladala za Mikindani zipo mchana kutwa, ila usiku hupungua, basi mkubaliane na bajaji kabisa kabla ya kushuka. Ukitoka Lindi, tafuta pa kulala, usitegemee gari la kurudi usiku. Fika mapema, maana baraza ni dogo na waliochelewa walisimama uani wasikotazama ramani. Agiza pweza, ming'oko iache hadi warekebishe jiko. Kitini nunua tu kama unataka majina na ramani. Mada inayofuata kwenye tangazo ni mirungi ya Yemen, na nimeshalipia nafasi mbili, yangu na ya mwenzangu wa zamu.